Ndani ya Pai Mna Nini?

Idi mosi mtu hula kwake, na Idi pili huenda akala kwa jamaa. Ndiyo dasturi yetu tuliyoikuta. Basi Idi pili ya mwaka jana nilikwenda kumtembelea binti wa marehemu ndugu yangu, hapa hapa Mombasa. Sinia ikaletwa: vileja, visheti, halua, mkate wa kumimina, na katikati pai ya matufaha, imepigwa rangi ya dhahabu juu kama zile tuzionazo katika picha.

“Ami, hii nimeipika mwenyewe,” akaniambia, na uso umemkunjuka kwa furaha.

Nikakata kipande nikala. Ganda lake lilikuwa zuri, sikosi kusema kweli. Lakini kilichokuwa ndani kilikuwa kama gundi iliyotiwa sukari, na vipande vya tunda havikuwa na ukali wala harufu. Nikamuuliza, “Mwanangu, ndani umetia nini?” Akacheka, akaenda jikoni, akarudi na mkebe mtupu.

Kando yangu alikuwa amekaa ndugu yangu mdogo, ambaye kwa miaka kadha sasa ana maradhi ya sukari. Yeye akauliza swali moja tu: humo ndani mna sukari kiasi gani? Hapana aliyeweza kumjibu. Tukaugeuza mkebe huku na huku. Maandishi yalikuwepo, lakini kwa herufi ndogo mno, na miwani zetu tulikuwa tumeziacha majumbani. Ndugu yangu akaiweka sahani chini pole pole, akanywa kahawa yake. Mwenye nyumba aliona, na ile furaha usoni pake ikapungua.

Jambo hilo halikunitoka moyoni, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua wako watakaosema: Na pai yatuhusu nini sisi? Hicho ni chakula cha Wazungu; muachieni mwenyewe. Mimi sioni hivyo. Sambusa ilikuja, biriani ikaja, chapati zikaja, na halua nayo ikaja kwa jahazi. Leo nani atathubutu kumwambia Mswahili kuwa sambusa si yake? Tulivipokea vyakula hivyo tukavifanya vyetu kwa kuvipika wenyewe, jikoni mwetu, kwa mikono na viungo vyetu. Kupokea cha mgeni si aibu. Aibu ni kukipokea kimefungwa, tukawa sisi kazi yetu ni kukata mkebe tu.

Nina sababu ya kuijua pai. Marehemu baba yangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu, Kizingo, hadi mwaka 1963. Kila Jumapili ilikuwa lazima apike pai ya matufaha. Lakini ganda la pai ile, kwa amri ya mama wa nyumba, lilikandwa kwa mafuta ya nguruwe, kama ilivyokuwa desturi ya wapishi wengi wa Uingereza na Marekani. Kwa hivyo baba aliipika pai miaka na miaka wala asiionje. Alichoweza kuonja ni ule mjazo wa ndani tu, kwa sababu ulipikwa katika sufuria yake mbali, kabla haujakutana na ganda. Akitwambia, “Ndani ni halali yangu, nje si yangu.” Basi akaushughulikia mjazo ule kwa moyo wake wote, hata akawa fundi wake.

Wale waajiri wake walipoondoka, alirudi nyumbani na ujuzi huo. Idi iliyofuata akapika pai ya kwanza ya kwetu. Ganda alilikanda kwa samli, akaiweka jikoni, akaipalia makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nakumbuka kwamba kwanza alimkatia mama, kisha sisi watoto, na mwisho akajikatia yeye. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na ndiyo mara yake ya kwanza kuila pai nzima, ndani na nje.

Tena, tukitazama vizuri, pai hii si mgeni kwetu hivyo. Tufaha lenyewe asili yake ni milima ya Tian Shan, upande wa Kazakhstan, na lilifika Ulaya kwa njia za biashara za kale. Iko hati ya mapishi ya Kiingereza ya mwaka 1381 inayoeleza namna ya kupika pai ya matufaha. Ndani yake mna tini, zabibu, mapeasi, viungo na zafarani, na sukari haikutajwa kabisa. Mwaka 1796 Amelia Simmons alichapisha kitabu chake cha mapishi huko Marekani, na katika pai yake ya matufaha akaamuru mtu atie mdalasini, basibasi, ganda la limau na marashi ya mawaridi. Ndugu msomaji, katika hivyo kipi ambacho bibi zetu hawakuwa nacho kabatini? Wapishi wa Uingereza hupenda pia kutia karafuu, na katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizokuja kuongoza ulimwengu kwa karafuu. Huenda basi ile iliyonukia katika pai za London ilichumwa na mikono ya watu wa Pemba.

Sasa nieleze mjazo huo, maana maneno matupu hayashibishi.

Kwanza tuelewane juu ya tunda. Tufaha la mwambao wetu, lile jekundu la mtufaha, lenye nyama nyeupe laini na kokwa kubwa ndani, ni tunda jingine. Lina maji mengi, na kwa kazi hii halifai. Litakiwalo ni lile la Ulaya, ambalo sokoni Marikiti utalisikia likiitwa epo. Chagua la kijani lililo kali, liitwalo Granny Smith, ambalo asili yake ni Australia. Mengine mekundu, hasa yale laini, hupondeka yakawa uji.

Chukua matufaha kilo moja na robo, yaani kama saba hivi. Yamenye, toa moyo na mbegu, uyakate vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita au zaidi kidogo. Yakamulie ndimu moja mara moja, kwani tufaha lililokatwa likipigwa na hewa hugeuka rangi ya kahawia, na ukali wa ndimu hulizuia. Tia siagi vijiko viwili vya mezani katika sufuria juu ya moto mdogo, kisha matufaha, sukari gramu 150, mdalasini uliosagwa kijiko kimoja cha chai, kungumanga ya kukwaruza kidogo, karafuu mbili zilizosagwa, na chembe ya chumvi. Funika dakika nane hadi kumi. Baba hakutumia saa. Alitoa kipande kimoja akakikunja. Kikikunjika bila ya kukatika, moto umetosha.

Hapo yatakuwa yametoa maji. Koroga konfulawa vijiko viwili vya mezani katika robo kikombe cha maji ya baridi. Usiitie kavu, wala usiikoroge kwa maji ya moto, itafanya madonge. Mimina huku ukikoroga kwa mwiko mpaka ichemke na ile rangi ya maziwa iondoke, mchuzi ung'are. Dakika moja au mbili zatosha. Ukizidi kuichemsha, ukali wa tunda huvunja uzito wake na mjazo hurudi kuwa maji. Ikiwa huna konfulawa, wanga wa mhogo hufanya kazi hiyo hiyo. Wamarekani huununua wakauita tapioka, na mhogo umejaa mashambani mwetu.

Kisha epua, uache upoe kabisa. Hapa ndipo wengi huharibu kwa haraka yao. Mjazo wa moto huyeyusha samli au siagi iliyo katika ganda, na pai hutoka tanurini chini imelowa. Ukishapoa, jaza, funika, toboa juu mvuke upate pa kutokea, na uoke kwa moto wa digrii 200 kama dakika 45. Kwa kuwa tunda limekwisha kupikwa, halitanywea tena likaacha uwazi chini ya ganda kama lifanyavyo tunda bichi.

Mjazo uliobaki hukaa katika friji siku tatu au nne, na katika barafu hukaa miezi. Lakini usiufungie katika chupa ukauweka kabatini kama achari. Ukiwa na konfulawa huwa mzito, na moto wa kuchemshia chupa haupenyi sawasawa hadi katikati. Unaweza kuharibika na kumdhuru mlaji.

Nasikia tayari majibu. Mmoja atasema matufaha ni ghali. Ni kweli, sikatai. Lakini nani aliyesema lazima yawe matufaha? Embe ambalo halijaiva sawasawa, lenye ukali wake, hupikwa kwa njia hii hii likatoa mjazo usio na dosari. Nanasi pia, ila kwanza lichuje maji. Wahenga walitukataza kusafiria nyota ya mwenzio. Jifunze kazi kwa tufaha, kisha uifanye kwa tunda la msimu wako.

Mwingine atasema mama wa siku hizi hana wakati, anatoka kazini magharibi akiwa amechoka. Hilo nalo ni kweli, na lina jibu. Mjazo huu hauchukui zaidi ya nusu saa mbali na kupoa, na waweza kupikwa siku moja kabla. Na kwa nini awe mama peke yake? Katika harusi zetu masufuria makubwa ya biriani na pilau hupikwa na wanaume, tena kwa majivuno. Baba yangu alikuwa mwanamume, na mwiko haukumpunguzia kitu. Kijana awezaye kubonyeza simu mchana kutwa hawezi kushindwa kumenya matufaha saba.

Wala sisemi kwamba mkebe ni haramu. Aghalabu ndani yake mna tunda, sukari, wanga na maji, na anayeweza kusoma maandishi yake na asome. Nisemalo ni kwamba mwenye kupika ana dhamana juu ya mwenye kula. Mgeni akiuliza, “Humu mna nini?” mwenye nyumba awe na jibu. Akiwa mgeni anaogopa mafuta yasiyojulikana, jibu liwepo. Akiwa anaogopa sukari, jibu liwepo pia. Zamani hatukuhitaji kuuliza, kwa kuwa tulimjua aliyepika na tulijua kwamba aliyepika ajua. Uaminifu huo ndio uliokuwa kitoweo cha kwanza cha sinia zetu za Idi, na ndio ninaochelea tusije tukauacha dukani.

Wiki moja baada ya siku ile, binti wa ndugu yangu alikuja kwangu na mfuko wa matufaha ya kijani. Hakusema mengi. “Ami, nionyeshe alivyofanya babu.” Tukamenya, tukakata, akakunja kipande kama baba alivyokuwa akikunja. Sukari tuliipunguza ikawa gramu 70, na matufaha yakatoa ukali wake na harufu yake, wala hapana aliyelalamika.

Alimpelekea ami yake mdogo kipande kidogo, na juu ya sahani akaweka kikaratasi alichoandika kwa mkono wake: matufaha kiasi gani, sukari kiasi gani, samli kiasi gani. Pai haikugeuka dawa kwa hilo. Tunda lina sukari yake na ganda ni unga, na kiasi cha kula ni juu yake na daktari wake. Lakini safari hii aliweza kuamua mwenyewe. Alikisoma kile kikaratasi, akakikunja akakitia mfukoni, kisha akala.