Kabla hujampakia mtoto kwenye keria, mpitie fundi baiskeli

Wagonjwa wengi wa kisukari na shinikizo la damu hutoka kliniki na agizo moja lisilo na maelezo: "Fanya mazoezi." Dawa huandikiwa kiasi na saa ya kumeza, mazoezi hayaandikiwi chochote. Mama wa miaka 58 mwenye magoti yanayouma anabaki kujiuliza kama anatakiwa kukimbia mchakamchaka na vijana, au aende gym asiyojua hata mlango wake uko wapi. Maoni yangu ni kwamba wengi wa watu hawa wana jibu limeegeshwa uani, limefunikwa turubai, tairi zimeisha upepo.

Wazo hili lilinijia Tanga, mji tambarare ambako kupanda baiskeli hakujawahi kuwa aibu kwa mwanamume wala mwanamke. Ngamiani, kwenye barabara zile zinazoitwa kwa namba, nilielekezwa kwa fundi mmoja mzee ambaye, mbali ya kuziba pancha, hukusanya baiskeli za zamani na kuzifufua. Nilikusudia kukaa dakika kumi, nikaondoka adhuhuri. Zilikuwepo Raleigh za Nottingham, Uingereza, Phoenix za Shanghai na Hero za India, nyeusi karibu zote, zimefutwa hadi unajiona uso kwenye kengele. Moja ilikuwa na gia tatu za Sturmey-Archer zilizofichwa ndani ya gurudumu la nyuma, na bado zinabadilika bila kelele. Nilimwamkia mzee, akaitikia, nikamuuliza umri wa baiskeli hiyo. "Hiyo usiniulize mwanangu," akasema, "hata mimi huwa naiamkia."

Kilichonivutia kuliko uzuri wake ni jinsi zilivyotengenezwa kwa kumfikiria mwili wa mpandaji. Usukani uko juu na umerudi nyuma, kwa hiyo unakaa wima, mgongo haujapinda na mikono haibebi uzito. Tandiko ni pana na lina springi. Mnyororo umefunikwa. Ukilinganisha na baiskeli nyingi za mtumba zinazopendwa sasa, zile za kuinama kama uko mashindanoni, utaona kwamba kwa mtu wa makamo mwenye kiuno kibovu ile ya zamani ni chaguo bora, hata kama ni nzito na muuzaji atakucheka.

Mzee hakuniruhusu kuondoka bila kunipandisha moja na kunipimia tandiko. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Kaa, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke. Ukishaanza safari utakanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, na hapo goti litabaki limekunjika kidogo tu. Wataalamu wa mazoezi ya viungo hutumia kanuni hiyohiyo. Wengi wetu tunashusha tandiko ili miguu ifike chini kwa urahisi, halafu goti linakunjwa kupita kiasi kila mzunguko, maumivu yanaanza mbele ya goti na lawama inapewa baiskeli. Kumbe baiskeli iliyopimwa vizuri ni rafiki wa goti, kwa sababu tandiko ndilo linalobeba uzito wa mwili.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni safari ya kwenda na kurudi sokoni, robo saa kila upande, siku tano. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow waliofuatilia zaidi ya watu 260,000 nchini Uingereza walichapisha matokeo mwaka 2017: waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi hicho kwa asilimia 41, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au usafiri wa umma. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo iliyowaokoa, lakini namba kama hiyo si ya kupuuza.

Mgonjwa anayeanza aende kwa mwendo unaomruhusu kuongea, ila akitaka kuimba pumzi zinamkatalia. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kutoka na abebe pipi au soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Mwenye kisukari avae viatu vilivyofunika vidole, kwani ganzi ya miguu humfanya asisikie kidonda. Anayebanwa kifua, au ambaye presha yake bado iko juu sana, amwone daktari kwanza.

Sasa niseme na wazazi, maana nilipokuwa pale aliingia mama mmoja akikokota baiskeli, mwanawe wa miaka kama minne amembeba mgongoni, kisigino kimefungwa bandeji. Hakuja kurekebisha breki. "Fundi, shikamoo. Nimekuja uniwekee kile kizuizi ulichoniambia mwaka jana." Mzee hakumkaripia. Alichukua dumu la plastiki, akakata vipande viwili, akavitoboa na kuvifunga kwa waya pande zote mbili za gurudumu la nyuma, pale miguu ya mtoto inaponing'inia. Kisha akafunga vyuma viwili vifupi vya kukanyagia. Kazi yote haikufika nusu saa.

Ajali hii wahudumu wa afya wanaijua vizuri. Mtoto aliyepakiwa kwenye keria, hasa mwenye kati ya miaka 2 na 8, anachoka kutanua miguu au anasinzia, mguu unaingia kwenye spoku gurudumu likizunguka. Spoku zinakata, halafu mguu unabanwa kati yake na fremu na kusagwa. Ndiyo maana jeraha hili hudanganya. Siku ya kwanza unaona mchubuko wa kisigino, baada ya siku kadhaa ngozi inageuka nyeusi na kufa, na wakati mwingine mfupa ulikuwa umevunjika tangu mwanzo. Mzazi asikubali kuambiwa "ni mchubuko tu" na jirani. Kama mguu bado umenasa, usiuvute. Zuia gurudumu lisizunguke, na ikibidi spoku zikatwe. Safisha kwa maji safi yanayotiririka, funika kwa kitambaa safi, usipake grisi, majivu wala dawa ya meno, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na uulizie chanjo ya pepopunda. Rudi tena kuangaliwa hata kama mtoto ameanza kuchechemea na kucheza.

Hasira yangu haiko kwa yule mama. Iko kwa biashara inayouza keria bila kifuniko cha gurudumu wala pa kukanyagia, wakati kila anayeuza anajua kwamba keria hiyo itapakia mtoto. Uholanzi baiskeli nyingi za familia hufunikwa gurudumu la nyuma ili koti na miguu visinase. Si teknolojia ngumu, fundi wetu ameifanya kwa dumu. Hata tairi la upepo tunalotumia leo lilitokana na mzazi: John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1880 ili baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe isimrushe-rushe.

Akina mama, pindo la kanga na buibui nalo hunasa. Likunje ulibane kabla ya kuondoka, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipande baiskeli kabisa, hata akiwa mgongoni, kwa sababu shingo yake haijawa tayari kwa mitikisiko na ukianguka mmeanguka wote. Mtoto mkubwa anayeendesha mwenyewe avae kofia ngumu inayomkaa sawasawa.

Ningependa kliniki zetu za mama na mtoto ziongeze swali moja kwenye mazungumzo na wazazi: mtoto huyu amekuja kwa usafiri gani? Akijibiwa kwa baiskeli, muuguzi atoke nje dakika moja aitazame keria. Na fundi wa karibu na kituo aelezwe, maana yeye ndiye anayeziona baiskeli hizo kila wiki, tena kabla mtoto hajaumia. Yule wa Ngamiani sasa anahifadhi madumu matupu nyuma ya zile Raleigh zake, na kwa kizuizi cha mtoto hatozi fedha, anatoza waya tu.