Mwitikio wa wapiga kura pekee hautoshi: hesabu za Kenya kuelekea Agosti 2027

Kenya itafanya Uchaguzi Mkuu tarehe 10 Agosti, 2027, na tayari hesabu zimeanza kupigwa. Mwishoni mwa Septemba 2025, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya nchi hiyo (IEBC) ilirejesha uandikishaji endelevu wa wapiga kura, ikiwa na lengo la kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6.3, wengi wao vijana. Tangu maandamano ya Juni 2024, yaliyosababisha Muswada wa Fedha wa mwaka huo kuondolewa, imejengeka imani kwamba vijana wakijiandikisha kwa wingi na kujitokeza siku ya kura, ushindi utakuwa umekwisha kupatikana. Wanaotetea serikali iliyopo nao hujibu kwa kutaja idadi ya watu katika ngome zao. Wanaobishana hivyo wanakubaliana katika jambo moja bila kulitamka, kwamba mshindi ni yule atakayejaza foleni.

Imani hiyo si ngeni nchini humo. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, mchambuzi wa siasa Mutahi Ngunyi alidai kuwa mshindi alikwisha kupatikana siku uandikishaji ulipofungwa, Desemba 2012. Hoja yake, iliyopata umaarufu kwa jina linaloweza kuelezwa kama ubabe wa idadi, ilikuwa kwamba maeneo yaliyokuwa nyuma ya Uhuru Kenyatta na William Ruto yalikuwa yameandikisha watu wengi kuliko ya mpinzani wao, hivyo kilichobaki ni kuwafikisha vituoni. Uhuru alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433 dhidi ya 5,340,546 za Raila Odinga. Mwitikio ulikaribia asilimia 86 kitaifa, na katika kaunti kadhaa za Mlima Kenya ulizidi asilimia 90. Wengi waliona nadharia imethibitika.

Yapo mambo mawili ambayo hayakutazamwa vya kutosha. La kwanza ni kwamba pamoja na mwitikio huo mkubwa, Uhuru alivuka nusu ya kura zilizopigwa kwa kura elfu chache tu. La pili lina uzito zaidi. Mwaka 2007 eneo la Bonde la Ufa lilimpa Raila kura nyingi, Ruto akiwa miongoni mwa vinara wa chama chake cha ODM. Mwaka 2013 sehemu kubwa ya kura hizo ilihamia upande wa pili, kwa sababu viongozi waliokuwa mahasimu walikuwa wameungana. Foleni ndefu za Machi 2013 zilikuja baada ya mapatano hayo, na pasipo mapatano zingekuwa foleni za mtu mwingine.

Uchaguzi wa Agosti 2022 unafundisha zaidi. Daftari lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, takriban milioni mbili na nusu zaidi ya mwaka 2017. Waliojitokeza walikuwa chini kidogo ya asilimia 65, wakati Agosti 2017 zaidi ya robo tatu ya waliojiandikisha walipiga kura. Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, na Raila akapata 6,942,930, sawa na asilimia 48.85. Mahakama ya Juu iliyathibitisha matokeo hayo tarehe 5 Septemba, 2022.

Takwimu hizo zinafaa kusomwa pamoja na zile za mwaka 2017. Katika matokeo ya Agosti 2017, ambayo Mahakama ya Juu iliyafuta, Uhuru alikuwa ametangazwa kwa kura 8,203,290. Katika uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, ambao Raila aliususia na mwitikio ukashuka hadi chini ya asilimia 40, Uhuru alipata 7,483,895. Kwa maneno mengine, mshindi wa mwaka 2022, katika uchaguzi ulioshindaniwa vikali na wenye daftari kubwa zaidi, alipata kura pungufu kuliko mshindi wa uchaguzi uliosusiwa na nusu ya nchi. Raila, kwa upande wake, aliongeza kura kutoka 6,762,224 za Agosti 2017, lakini akashindwa tena.

Ruto hakuingia Ikulu kwa kuwatoa watu wengi zaidi majumbani. Aliingia kwa sababu wapiga kura wa Mlima Kenya waliojitokeza, ingawa walikuwa wachache kuliko mwaka 2017, walimpigia yeye kwa wingi mkubwa, huku Rais Kenyatta aliyekuwa akimaliza muda wake akimuunga mkono Raila. Swali la nani awarithi lilijibiwa vijijini, na jibu halikuwa lile lililotoka Ikulu.

Watetezi wa hoja ya mwitikio huuliza hapa: tofauti ilikuwa kura 233,211 tu, na karibu watu milioni 7.8 waliojiandikisha hawakupiga kura. Je, juhudi zaidi kidogo za kuwahamasisha zisingetosha? Mombasa ndiyo hutajwa mara nyingi, kwa kuwa ilikuwa ngome ya Raila na mwitikio wake ulikuwa chini ya nusu, takriban asilimia 44 ya watu wapatao 642,000 walioandikishwa. Lakini ukipiga hesabu, jibu linashangaza. Miongoni mwa waliopiga kura Mombasa, Raila alipata takriban asilimia 58 na Ruto takriban 41. Maana yake, kama wasiojitokeza wangepiga kura kama majirani zao, kila watu 100 wa ziada wangempa Raila faida halisi ya kura 17 hivi. Kaunti nzima ingejitokeza, hadi mtu wa mwisho, pengo lingepungua kwa kura zipatazo 60,000, yaani robo ya zilizohitajika. Tena hakuna daftari duniani linaloweza kufikia asilimia mia, kwa kuwa lina marehemu, wagonjwa, wasafiri na waliohama makazi bila kuhamisha taarifa zao.

Hali ni tofauti Siaya, Homa Bay na Kisumu, ambako karibu kura zote zilimwendea Raila. Kaunti hizo tatu zilikuwa na wapiga kura milioni 1.7 hivi, na mwitikio wake ulizidi kidogo asilimia 70. Kama ungefika asilimia 90, kwenye karatasi pengo lingezibika na kubaki ziada. Hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za wanaoamini kuwa mwitikio pekee unatosha, na haifai kupuuzwa. Udhaifu wake ni kwamba inachukulia upande wa pili umelala. Katika Kaunti ya Kiambu pekee, yenye wapiga kura karibu milioni 1.3, zaidi ya watu 400,000 hawakujitokeza, na waliojitokeza walimpa Ruto takriban robo tatu ya kura. Ari ambayo ingewatoa watu wa Siaya kwa asilimia 90, kwa hofu au kwa matumaini, ingesikika Kiambu pia. Uhamasishaji hausikiki upande mmoja tu wa nchi.

Tanzania ina ushahidi wake wa jambo hilo. Katika Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2010 mwitikio ulikuwa asilimia 42.8, na mwaka 2015 ukapanda hadi asilimia 67.3. Idadi ya kura ilikaribia kuongezeka maradufu, kutoka milioni 8.6 hadi milioni 15.6. Hayati Dkt. John Magufuli wa CCM alipata kura 8,882,935, zaidi ya milioni 3.6 juu ya zile alizopata Rais Jakaya Kikwete mwaka 2010. Hayati Edward Lowassa, aliyesimamishwa na CHADEMA na kuungwa mkono na vyama vya UKAWA, alipata kura 6,072,848, takriban milioni 3.1 juu ya jumla ya kura za wagombea wa CHADEMA na CUF mwaka 2010. Wimbi lile la wapiga kura liliinua mitumbwi yote miwili. Lilipunguza sehemu ya mshindi kutoka zaidi ya asilimia 60 hadi 58.46, lakini halikubadili mshindi.

Marekani, ambako vyama vina watalaamu na fedha nyingi za kazi hiyo, ilishuhudia jambo hilo hilo mwaka 2020. Takriban theluthi mbili ya raia wenye haki ya kupiga kura walipiga kura, kiwango ambacho hakikuwa kimefikiwa kwa zaidi ya miaka 100. Donald Trump aliongeza kura zipatazo milioni 11 juu ya zile zilizompa ushindi mwaka 2016. Akashindwa, kwa sababu Joe Biden alipata zaidi ya milioni 81.

Katiba ya Kenya inaongeza kikwazo kingine ambacho wapiga debe hukisahau. Ibara ya 138 inamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47, yaani kaunti 24. Sharti la pili haliwezi kutimizwa kwa kuongeza foleni nyumbani kwa mgombea. Linamlazimu kwenda kwa wasiomjua na hata wasiompenda. Mwaka 2022 Ruto alifikia kiwango hicho katika kaunti 39 na Raila katika kaunti 34, na wote wawili walikuwa wametumia miaka mingi kujenga urafiki nje ya maeneo yao. Sharti la kwanza nalo lina mtego wake: kila mpiga kura mpya huongeza pia idadi ambayo nusu yake inatakiwa kuvukwa.

Vijana wa mwaka 2027 wanahusikaje? Kwanza, kujiandikisha si jambo la kulazimisha. Oktoba 2021 IEBC ililenga kuandikisha wapiga kura wapya milioni 6 kwa mwezi mmoja, ikapata takriban milioni 1.5. Katika daftari la mwaka 2022 wenye umri wa miaka 18 hadi 34 walikuwa takriban asilimia 40, sehemu ndogo kuliko ya mwaka 2017, ingawa sehemu kubwa ya Wakenya ni vijana. Hawakukosa taarifa, matangazo yalikuwa kila mahali. Wengi hawakuona wa kumpigia kura, na kwa mtu wa aina hiyo gari la kumpeleka kituoni halijibu swali lake.

Pili, vijana hawapigi kura kama kijiji kimoja. Kijana wa Eldoret, wa Nyeri, wa Kisumu na wa Malindi wanaweza kuwa waliandamana kwa sababu moja Juni 2024, na bado wakaweka alama kwenye majina manne tofauti. Kifo cha Raila Odinga, Oktoba 2025, kimeongeza utata huo, kwani kura zipatazo milioni 7 zilizokuwa na mwenyewe zimebaki zikitafutwa na wengi.

Tuchukue tofauti ya kura ya mwaka 2022 kama kipimo. Iwapo IEBC itafikia lengo lake la milioni 6.3, na wapya hao wakajitokeza kwa asilimia 65, watapiga kura milioni 4.1 hivi. Wakigawanyika sawa kwa sawa, athari yao kwa nafasi ya mshindi ni sifuri, hata wangepanga foleni usiku kucha. Wakimwelekea mgombea mmoja kwa asilimia 53 dhidi ya 47, wanatosha kufuta tofauti kama ile. Lakini iwapo watakaoandikishwa watakuwa milioni 1.5 tu, kama ilivyokuwa Oktoba 2021, wakajitokeza kwa kiwango kile kile, mgombea atakayewategemea atahitaji kura zao kwa asilimia 62 dhidi ya 38. Pengo la namna hiyo miongoni mwa vijana wa kaunti 47 halipatikani kwa kampeni ya kuwakumbusha tarehe ya kupiga kura.