Mji wa Visima, Mitungi Mitupu

Kabla ya adhana ya alfajiri, Mji wa Kale huamshwa na magurudumu ya mkokoteni. Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, hakuna nyumba isiyoyajua. Mama anafungua mlango na mitungi yake ya lita 20, anauliza bei ya leo, anahesabu vidoleni: wa kupikia, wa kunywa, wa kuogesha watoto waende shule. Nguo zitasubiri. Hivi ndivyo tunavyoishi sisi watu wa Mombasa, na tumechoka.

Kule Kisauni watu huamka saa nane usiku kuusikiliza mfereji. Kwanza unapiga mbinja, hewa inatoka. Halafu yanakuja maji yenye rangi ya kutu, robo saa, kisha kimya. Likoni wapo waliosahau mara ya mwisho mfereji wao kutiririka, lakini bili haijawasahau. Huku maboza yanapita usiku na mchana yakipeleka maji kwenye mahoteli na maghorofa. Tunauliza kila siku barazani, na hatujajibiwa: maji hayo yanatoka wapi, ikiwa mabomba yetu ni makavu?

Linalotuuma zaidi ni kuwa mji huu ulijengwa na watu walioyajua maji. Msafiri Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331, alilala usiku mmoja tu, lakini visima hakuvikosa. Aliandika kuwa kila mlango wa msikiti ulikuwa na kisima kimoja au viwili, kina chake dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti cha kuchotea. Aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, na kipande cha mkeka mnene cha kujifutia kiliwekwa pale pale mlangoni. Msikiti wa Mandhry, uliojengwa mwaka 1570, una kisima mbele yake. Ndani ya Fort Jesus, ngome iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, mpaka leo utaliona birika la kukusanyia maji ya mvua. Kisiwa hiki hakina mto, na kila aliyekitawala alilazimika kulifikiria hilo mapema.

Ustaarabu wetu nao ulikulia kwenye maji hayo. Wazee wetu waliweka mtungi wa sabili barazani, kata juu ya kifuniko, apitaye na kiu anywe aende zake, awe mwenyeji au mgeni, mtu wa Mvita au wa bara. Kuuza maji ya kunywa kwa jirani lilikuwa jambo la aibu. Leo mgeni akiomba maji, mwenye nyumba hutupia jicho mtungi kabla hajaitikia. Watu wakarimu wamefanywa wahesabu vikombe. Hilo ni dhara kubwa kuliko kiu yenyewe.

Tutaambiwa tuchimbe visima. Tunavyo. Maji yake yamekuwa ya chumvi, na vyoo vya shimo vimechimbwa hatua chache kutoka kwenye visima hivyo. Kila mvua za masika zikianza, wazazi hukaa na hofu ya kipindupindu.

Maji matamu tunayoyategemea yanatoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba. Bomba la Mzima, lenye zaidi ya kilomita 200, lilijengwa miaka ya 1950, mji ukiwa mdogo. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu watu 1,208,333. Wajukuu wa wale waliochimba mtaro wake bado wanalitegemea bomba lile lile, na wenzetu wa Taita-Taveta wanalalamika kuwa linawapita huku wao nao wakibeba mitungi. Hatugombani nao, shida yetu na yao ni moja. Bomba la pili la Mzima limeahidiwa kampeni hadi kampeni. Bwawa la Mwache kule Kwale tumelisubiri mpaka watoto wetu wamekuwa watu wazima.

Tunayoyataka yanatamkika kwa pumzi moja. Ratiba ya maji ibandikwe kila mtaa, na ifuatwe. Mabomba yanayovuja barabarani yazibwe siku yanaporipotiwa, kwa sababu hakuna kinachotuchoma roho kama kuona maji matamu yakimwagika lamini wakati nyumbani hakuna ya udhu. Mita ihesabu maji, isihesabu hewa. Visima vya mitaani vipimwe, na majibu yasomwe hadharani, misikitini, makanisani na sokoni Kongowea. Na anayeshika ufunguo wa bomba atueleze kwa nini boza linajazwa kabla ya nyumba.

Mgeni wa mwaka 1331 alikaa hapa usiku mmoja, akaondoka na habari za watu wasafi wenye maji mlangoni. Wenyewe hatujui mgeni wa leo ataondoka na habari gani. Tunachotaka ni kimoja: akibisha hodi kwetu, tumkaribishe, tumpe kikombe kilichojaa, aoshe miguu, bila mtu ndani ya nyumba kuutazama mtungi.