Wazee wa Faza Wasihukumiwe Kitanda

Yapo maradhi yanayobisha hodi, na yapo yanayoingia ndani pasi na salamu. Udhaifu wa mifupa, ambao matabibu huuita ostioporosisi, ni wa kundi hili la pili. Mfupa hupungua uzito wake mwaka baada ya mwaka hadi ukawa kama ubao wa jahazi ulioliwa na wadudu wa baharini: kwa nje mzima, kwa ndani matundu matupu. Mwenyewe hahisi homa wala maumivu. Habari humfikia siku anapoteleza chooni alfajiri, akaanguka kwa kimo chake tu, na nyonga ikavunjika.

Mkasa huu ukimfika mtu wa Faza, jambo la kwanza linalotazamwa ni bahari. Faza ina hospitali yake, lakini nyonga iliyovunjika huhitaji mpasuaji wa mifupa. Kwa hiyo mgonjwa hubebwa hadi botini kuelekea Hospitali ya King Fahad mjini Lamu, na pengine kutoka huko husafirishwa hadi Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara. Tena chombo hakiondoki kwa saa ya daktari, huondoka kwa saa ya maji, kwa kuwa njia ya Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, huwa na taabu maji yanapokupwa.

Kuhusu safari hiyo ya kwenda, mengi yamesemwa na yangali yanasemwa: boti za wagonjwa, eksirei, vitanda, madaktari. Ninalotaka kulizungumzia leo ni safari ya kurudi, ambayo ni nadra kusikia mtu akiitaja jukwaani. Mgonjwa hurejea Faza ana chuma nyongani na kikaratasi mkononi kinachomwagiza ahudhurie tiba ya maungo. Ahudhurie wapi? Kumvusha kila wiki mtu asiyeweza kukanyaga chini, apande na kushuka chombo kinachoyumba, ni kumtakia mvunjiko wa pili. Kikaratasi hutiwa sandukuni, na mzee hulazwa kitandani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Takwimu za kimataifa zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya kila wazee watano waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha, na wengi wa waliosalia hawaurudii mwendo waliokuwa nao. Kwa sehemu kubwa hawauawi na mfupa wenyewe. Wanauawa na yale yanayofuata kulala: kichomi, damu kuganda mishipani, vidonda vya mgongoni, na misuli kunywea.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa tujue mfupa ni nini. Wengi wetu huudhania kuwa ni jiwe, kumbe ni kitu hai kinachobomolewa na kujengwa upya kila siku. Kinachouamrisha kujijenga ni uzito unaoubeba. Wanaanga wanaokaa angani, mahali ambapo mwili hauna uzito, hupoteza kiasi cha asilimia moja au zaidi ya uzito wa mfupa wa nyonga kila mwezi, nao ni watu wa makamo wenye siha kamili. Je, ajuza wa miaka sabini aliyelazwa chali miezi mitatu? Wanawake huathirika zaidi, maana hedhi inapokoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiulinda mfupa hupungua ghafla. Inakadiriwa kwamba duniani, mwanamke mmoja kati ya kila watatu waliopita miaka hamsini atavunjika mfupa kwa sababu hii. Kwa wanaume ni mmoja kati ya watano.

Dawa zipo, nyingine hunywewa mara moja tu kwa wiki, na daktari ndiye wa kuziamua. Lishe nayo ina nafasi yake, na hapa watu wa visiwani wana bahati: dagaa anayeliwa na mifupa yake ni hazina ya kalisi. Jua pia tunalo, ingawa bibi anayeshinda ndani na kutoka akiwa amejisitiri hulipata kidogo kuliko tunavyodhani.

Lakini dawa na dagaa havimfundishi mtu kusimama tena. Kazi hiyo ni ya tiba ya maungo. Nchini New Zealand, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Otago walibuni mazoezi ya kufanywa nyumbani na wazee: kuinuka kitini bila kushika, kunyanyua visigino huku umeshika mwimo wa mlango, kutembea kisigino mbele ya kidole, kunyanyua mguu uliofungwa uzito kifundoni. Mtaalamu hufika mara chache tu kufundisha na kukagua. Majaribio yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba maanguko yalipungua kwa takriban thuluthi moja. Tazama vifaa vinavyotakiwa: kiti, mlango, na mfuko wa mchanga. Mchanga si kitu cha kuagizwa Mombasa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, walikwenda mbali zaidi. Walichukua wanawake 101 waliokoma hedhi na wenye mifupa dhaifu, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya macho ya mwalimu. Baada ya miezi minane uzito wa mfupa wa kiunoni ulikuwa umeongezeka kwa karibu asilimia tatu, ilhali wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipoteza zaidi ya asilimia moja. Sisemi ajuza wa Faza wapewe vyuma kesho. Kazi ile bila msimamizi ni hatari. Nasema tu kwamba imani yetu kuwa mfupa wa mzee haufai tena kubebeshwa kitu imekosa ushahidi.

Na si kila zoezi ni jema. Mwaka 1984 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchunguzi, mdogo lakini wa kutisha, juu ya wanawake wenye udhaifu wa uti wa mgongo. Waliofanya mazoezi ya kujikunja kwenda mbele, karibu tisa kati ya kumi walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliofanya ya kunyoosha mgongo hawakufika wawili kati ya kumi. Sasa mtazame mama wa Kiswahili na kazi zake: ufagio mfupi wa chelewa unaomkunja mara mbili asubuhi na jioni, mbuzi ya kukunia nazi iliyo shubiri moja kutoka ardhini, ndoo ya kuvutwa kisimani kwa kuinama. Mtaalamu akiingia katika nyumba ya namna hii, jambo la kwanza pengine lisiwe zoezi lolote. Litakuwa kuutia ufagio mpini mrefu, kuweka kishikio ukutani mwa choo, na kuwasha taa ya usiku njiani mwa kwenda kutawadha.

Kuna kikwazo kingine ambacho hakitoki serikalini, nacho ni mapenzi yetu. Mama akizeeka, sifa ya mtoto mwema ni kumwambia, "Keti, mama, sisi tupo." Maji aletewe, chakula apelekewe, sokoni asende. Akiwa amevunjika ndiyo kabisa: mjukuu akimwona bibi ameshika ukuta ajaribu hatua, humrudisha kitandani kwa huruma. Heshima hii ni tukufu, ila mifupa haiijui. Mtoto anayemshika mama yake mkono wakazunguka ua mara tatu kwa siku anamheshimu zaidi.

Aidha, waungaji mifupa na wakandaji wa kienyeji wasidharauliwe. Ndio wanaofikiwa kwanza, nao huaminiwa. Wafundishwe kuitambua nyonga iliyovunjika na kuipeleka hospitali bila kuivuta, na wafundishwe kwamba kumsimamisha mgonjwa aliyekwisha pasuliwa ni sehemu ya kumwuguza.

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inaitaka Serikali ihakikishe wazee wanaishi kwa hadhi na kupata matunzo yanayofaa. Tangu 2013 huduma hizi ziko mikononi mwa kaunti. Mwaka 2023 Kenya ilizindua kikosi cha wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wa kuingia nyumba kwa nyumba, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio kwamba tiba ya kurejesha uwezo wa mwili iingizwe katika huduma za msingi. Miguu ya kuingia nyumbani, basi, ipo. Kinachotakiwa ni mtaalamu mmoja wa tiba ya maungo mwenye ratiba ya kudumu ya Faza, Kizingitini na Siyu, atakayewafundisha wahamasishaji hao na kurudi kuwakagua.

Watasema wengine kwamba Lamu ina makubwa zaidi: usalama, maji, akina mama wanaofia uzazini. Ni kweli. Lakini kaunti hii, au jamaa zake, tayari hulipia boti, upasuaji na kitanda cha Mombasa, kisha fedha yote hiyo huachwa ipotelee kwa kukosa mtu wa kumsimamisha mgonjwa mara mbili kwa wiki. Sheria yataka wananchi waulizwe kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Watu wa Faza watakapoitwa ukumbini, nawashauri waulize jambo moja lenye jibu fupi: mtaalamu huyo atashuka gatini siku gani ya wiki, na nauli yake imeandikwa katika ukurasa upi?