Goti la mama si hukumu ya binti

Mjini Bukavu, mama akishindwa kupanda mlima wa Kadutu kwa sababu ya magoti, majirani wanasema haraka: "Ni ugonjwa wa ukoo, hata mama yake alikuwa hivyo." Binti akisikia hayo anaanza kungoja zamu yake, kama vile hakuna la kufanya. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Ugonjwa wenyewe ni atrozi ya goti. Gegedu, kile kifuniko laini cha ncha za mifupa, linachakaa, na goti linauma na kukakamaa. Ni kweli urithi una sehemu yake. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza walilinganisha wanawake mapacha wa kufanana na wasiofanana. Walikadiria kwamba urithi unaeleza kati ya asilimia 39 na 65 ya tofauti za ugonjwa huu kwenye magoti na mikono. Jeni kadhaa zimetajwa tangu hapo, kama GDF5 inayosaidia kujenga viungo. Lakini kila moja inaongeza hatari kidogo tu.

Sehemu nyingine inatoka kwenye maisha: umri, uzito wa mwili, majeraha ya zamani na kazi nzito. Bukavu kuna wanawake wanaobeba kilo 50 na zaidi mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso. Bibi alibeba, mama alibeba, leo binti anabeba. Ukoo unarithishana damu, lakini unarithishana pia kamba ya mzigo. Kulaumu damu peke yake ni kuisamehe kamba.

Kwa hiyo binti ambaye mama yake anaumwa magoti asikate tamaa, aanze mapema kujilinda. Kule Framingham, Marekani, wanawake waliopungua kama kilo 5 walipunguza hatari ya ugonjwa huu kwa zaidi ya nusu. Mwenye unene apunguze, mazoezi ya misuli ya mapaja yafanyike, goti lililoumia litibiwe bila kuchelewa.

Viongozi nao wana deni. Barabara nzuri na mikokoteni vingeondoa mizigo mingi migongoni mwa akina mama. Jeni haziwezi kubadilishwa na mkutano wa mtaa, lakini njia ya kwenda sokoni inaweza.