Kamati ya Shule Si Mhuri

Fundi akishakata kitambaa ndipo akuulize urefu wako, huyo hakuulizi, anakuarifu. Ndivyo nilivyoipokea barua ambayo halmashauri yetu iliziandikia kamati za shule mwaka 2024, kuhusu kile kilichoitwa tathmini ya huduma za mafunzo ya walimu kazini. Tuliarifiwa kwamba vituo vya walimu vilivyoko katika kata havitumiki ipasavyo, na kwamba inapendekezwa vifungwe ili mafunzo yote yafanyike kwenye kituo kimoja mjini, makao makuu ya wilaya. Kisha tukaombwa maoni. Fomu ilikuwa na maswali 9, kila swali na visanduku viwili, cha ndiyo na cha hapana, nasi tulipewa siku 7.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Nilihitimu chuo cha ualimu mwaka 1973, nikashika chaki hadi nilipofikisha miaka 60, na wazazi wa kijijini kwetu wakanichagua kuingia katika kamati ya shule. Nayasema haya ili msomaji ajue ninapotokea, asije akadhani ni uchungu wa mtu aliyenyimwa cheo.

Ushahidi mkuu wa tathmini hiyo ulikuwa madaftari ya mahudhurio. Walimu waliofika vituoni walikuwa wachache, basi vituo havina kazi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama wakaguzi wangeandika pia walichokikuta mlangoni. Kituo cha kata yetu kina paa linalovuja, kabati la vitabu limeliwa na mchwa, umeme ulikatwa, na mratibu wake ni mwalimu mwenye vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake. Ng'ombe amefungwa bila majani, halafu jioni mtu anakuja na ndoo, anashangaa hakuna maziwa!

Lakini huo si moyo wa jambo. Moyo wa jambo ni posho. Nalisema wazi, na wa kuchukia na achukie.

Mafunzo ya kituoni hufanyika Ijumaa mchana baada ya watoto kuruhusiwa. Mwalimu anakuja kwa miguu au kwa baiskeli, anakunywa chai kama ipo, jioni yuko kwake, na Jumatatu asubuhi yuko darasani. Hakuna nauli, hakuna ukumbi wa kukodi, hakuna mgeni rasmi wa kufungua wala wa kufunga. Semina ya mjini ina vyote hivyo. Ina begi, ina kalamu, ina fomu ya kusaini fedha. Anayesafiri anapata, anayeandaa anapata zaidi. Kwa hiyo mafunzo yasiyo na posho hayana wa kuyatetea mezani, na yakifa hayana wa kuyalilia. Tangu ada na michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, ruzuku iliyopangwa kwa mtoto wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na kati ya hizo 6,000 ndizo za kupelekwa shuleni. Posho ya mwalimu mmoja kwa siku chache mjini si ajabu ikazidi fedha hizo za watoto 20 kwa mwaka mzima. Na shule yenye walimu 7 ikitoa wawili kwa wiki nzima, madarasa yao yanakaa na nani? Katika maswali 9 ya fomu ile hapakuwa na hata moja lililowagusa watoto watakaobaki.

Kuna anayesema kwamba mjini kuna wataalamu. Sikatai. Ila mtaalamu wa mjini hana daftari za watoto wetu. Nimehudhuria Ijumaa moja kituoni, nikamwona mwalimu wa darasa la tatu akiweka mezani rundo la daftari. Hesabu ilikuwa 402 toa 178. Jibu ni 224, lakini watoto wengi walikuwa wameandika 376. Ukiona kwa haraka utasema ni wavivu. Walimu wale walikaa nazo mpaka wakaona njia waliyopita: mtoto amekuta 8 haitoki katika 2, akaamua kutoa 2 katika 8, sufuri nayo akaigeuza vivyo hivyo, 7 ikabaki 7. Hakubahatisha hata kidogo. Alikuwa na kanuni yake, ila kanuni mbovu, na shule mbili za jirani zilikuwa na watoto wenye kanuni hiyohiyo. Wakakubaliana namna ya kuifundisha upya kwa vijiti na mafungu ya kumi. Hayo ndiyo mafunzo kazini, na hayakuigharimu halmashauri hata nauli.

Wala si jambo geni katika nchi hii. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipoamua kila mtoto aingie shuleni, vyuo havikutosha. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu hukohuko vijijini kwa miaka 3, huku wakifundisha na huku wakisoma, kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa wakufunzi waliowafuata walipo. Nilikuwa miongoni mwa walimu waliowasimamia darasani. Watu wamewacheka sana walimu wale wa UPE, na kasoro zilikuwapo nyingi. Lakini aliyebuni mpango ule alijua kwamba mafunzo ndiyo yamfuate mwalimu.

Vijana wa ofisini huniambia, "Mzee, siku hizi kuna simu." Vyema. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo ya walimu mtandaoni chini ya mpango wa MEWAKA, na mwalimu mwenye simu nzuri na fedha ya bando atafaidi. Lakini mpango huohuo unataka walimu wakutane shuleni mwao na katika vituo vya walimu. Utafungaje vituo kisha useme unautekeleza?

Sasa niwageukie wenzangu wa kamati, maana nao wana lao. Kamati kadhaa zilijaza fomu siku ileile ilipofika. Mwenyekiti aliitwa shambani, akapewa kalamu, akaonyeshwa pa kutia saini. Wengine waliniambia kwamba mambo ya ualimu ni ya kitaalamu, wao ni wakulima tu. Kwani mama anayefungua daftari la mwanawe na kulikuta halijaandikwa kitu wiki nzima anahitaji shahada ya kujua kwamba mwalimu hakuwapo? Sheria ya Elimu ya 1978 haikuweka kamati ili ziwe mapambo. Wakati wa MMEM, 2002 hadi 2006, kamati zilipewa mafunzo, zikasimamia fedha na ujenzi wa madarasa, na wakulima haohao walijua kuhesabu mabati na mifuko ya saruji. Siku hizi mjumbe anachaguliwa leo, kesho anakabidhiwa mhuri, na hakuna anayemweleza una kazi gani. Tathmini ya huduma za mafunzo haikuwa na neno hata moja juu ya mafunzo ya kamati zenyewe. Na Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Hayo madaraka yakifika kwetu yakiwa visanduku viwili, yamepungua sana njiani.

Kamati yetu iliandika barua ya ukurasa mmoja. Tuliuliza mambo matatu: kila kituo cha kata kilipewa shilingi ngapi katika miaka 3 iliyopita, semina za mjini zilitumia shilingi ngapi katika miaka hiyo, na ni nani atakayekaa na madarasa walimu wakiwa safarini. Fomu tuliirudisha tupu, tumeibana nyuma ya barua. Baadaye ofisa mmoja alipiga simu akitaka tuweke tu alama za vema, kwa kuwa kompyuta haipokei maelezo. Mwenyekiti wetu, ambaye ni mkulima wa mihogo, alimjibu kwamba kikao cha kamati ni Jumamosi saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa shule, aje na majibu matatu, na wazazi wote wamealikwa.