Saa Nane za Hamburg

Wanajumuiya wenzangu, wengi wetu hapa chuoni tunaamini safari za meli za kitalii ni za wazee wa Kizungu waliostaafu. Hata mimi niliamini hivyo, mpaka majira ya joto yaliyopita Mkenya mmoja wa maabara yetu alipopata chumba cha watu wawili kwa bei ya kutupa, Southampton hadi Hamburg na kurudi. Bahati nilikuwa bado na viza ya Schengen niliyoombea mkutano. Bila hiyo nisingetoka, hayo tunayajua sote.

Kusema kweli, sijui njia bora ya kuingia Hamburg. Mji uko takriban kilomita 100 kutoka baharini, kwa hiyo meli inapanda Mto Elbe polepole alfajiri. Kushoto nyumba za matajiri wa Blankenese, kulia kiwanda cha ndege cha Airbus, halafu winchi za makontena. Ndege inakuingiza mjini kwa mlango wa mbele. Meli inakupitisha uani, unaona jinsi mji unavyokula.

Taabu inaanza ukishuka. Tulifunga gati Altona saa 1 asubuhi, kurudi mwisho saa 9 alasiri. Tukapakiwa kwenye basi la matembezi mpaka Speicherstadt, yale maghala ya matofali mekundu yaliyoingizwa urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2015. Mwongozaji akasema humo zilihifadhiwa kahawa, kakao na viungo. Zikitoka wapi? "Ng'ambo." Nikacheka peke yangu. Ng'ambo hiyo ndiyo kwetu, bwana! Hapo jirani kuna uwanja wa Vasco da Gama, yule aliyeilazimisha Kilwa kulipa kodi mwaka 1502. Watu wakapiga picha, nasi tukapiga.

Adhuhuri tukaliacha basi. Tulikwenda kwa miguu hadi Afrikahaus, jengo la mwaka 1899 la kampuni ya meli ya Woermann, ambalo mlangoni lina shujaa wa Kiafrika wa shaba. Kisha treni hadi Dammtor, mbele ya jengo la zamani la chuo kikuu. Hapo mwaka 1922 iliwekwa sanamu ya Wissmann, ambayo kwanza ilisimama Dar es Salaam. Mimi mtu wa Pangani; Wissmann ndiye aliyeongoza vita dhidi ya Bushiri, akanyongwa kwetu Desemba 1889. Wanafunzi waliiangusha sanamu hiyo mwaka 1967, ikarudishwa, mwaka 1968 wakaiangusha tena. Wanafunzi kama sisi! Na mimi ningerudi melini nikiwa na picha za matofali tu.

Simlaumu mwongozaji, analipwa aonyeshe mji mzuri. Tatizo letu ni kwamba tunalipia saa nane na hatusomi hata saa moja kabla ya kwenda. Kamati inapanga safari ya kiangazi: naomba fedha za basi la matembezi zinunue tiketi za siku za treni, na kila mmoja aje na sehemu moja aliyoisoma atuelezee.

Tulirudi gatini mbio, zimebaki dakika kumi. Njia ya chini ya mto ya mwaka 1911, ambayo mhandisi yeyote angeanza nayo, sikuiona. Nitarudi, safari hii kwa treni.